Kutoka Kalibu hadi Kompyuta: Istilahi za Kiswahili katika Usanifu na Utengenezaji wa Meno Bandia

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kubeba maarifa ya teknolojia iliyoingia katika maabara za meno, yaani ile ambayo kwayo jino bandia husanifiwa kwenye kompyuta na kutengenezwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. Huenda mada hii ikaonekana kuwa iko mbali na shughuli za idara ya Kiswahili. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, juhudi zetu za kuunda istilahi zimeelekezwa zaidi darasani na ofisini. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha pamoja na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hizo zimetufaa sana. Lakini karakana, ambako lugha hufanya kazi sambamba na mkono, tumeipa nafasi finyu. Pili, katika maabara ya meno kosa la istilahi halibaki kwenye karatasi. Hutoka likiwa taji lisilokaa juu ya jino, na fundi hulazimika kuanza upya kwa gharama yake mwenyewe.

Msimamo wetu ni kwamba istilahi huundwa kutokana na dhana, si kutokana na neno la kigeni linaloitaja dhana hiyo. Kauli hii hukaririwa na kila mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu istilahi, kisha husahauliwa mara tu anapofungua kamusi ya Kiingereza. Kwa hiyo msomaji atuvumilie tukieleza kwa kirefu kazi yenyewe inavyofanyika kabla ya kulipima neno lolote.

2.0 Maabara au Karakana?

Tuanze na jina la mahali. Neno maabara katika Kiswahili cha leo humletea msikilizaji picha ya darubini, mirija ya kioo na majibu ya vipimo vya damu. Maabara ya meno haimpimi mgonjwa kwa maana hiyo. Hupokea agizo kutoka kwa daktari wa meno na kutengeneza kifaa: taji la kufunika jino lililopunguzwa, daraja la kuziba pengo, seti ya meno ya kuvaliwa na kuvuliwa, au kifaa cha kunyooshea meno ya mtoto. Kwa kazi yake, hii ni karakana, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ya awali ni nyumba ya kazi. Jina la maabara limekuja kwa tafsiri mkopo kutoka lugha za Ulaya, na limekwisha kukaa katika majengo, mitaala na barua za serikali. Hatupendekezi liondolewe. Tunachosema ni kwamba jina hilo limeificha hali halisi ya watu wanaofanya kazi humo, ambao ni mafundi.

Neno fundi lina heshima ya kale katika pwani yetu. Aliyeunda jahazi alikuwa fundi, na aliyechonga nakshi za milango ya Lamu na Unguja alikuwa fundi. Katika lugha ya ofisini, hata hivyo, neno hili limeshuka cheo, na mtu aliyesoma chuoni miaka mitatu hapendi kuitwa fundi tu. Ndipo ikapatikana istilahi ya fundi sanifu, ambayo imekubalika vema nchini Tanzania. Hapa bahati imetusaidia. Mzizi -sanifu una maana zaidi ya moja: upo usanifu wa kufuata kipimo kilichokubaliwa, kama tunaposema Kiswahili sanifu, upo pia usanifu wa kubuni na kuunda, kama tunaposema msanifu majengo. Katika maabara ya zamani, maana ya kwanza ndiyo iliyotawala. Teknolojia mpya imeileta maana ya pili mbele, kwani sasa fundi sanifu wa meno husanifu kweli, mbele ya kioo cha kompyuta.

Wapo wanaopendelea kumwita mwendeshaji, kwa hoja kwamba kazi yote hufanywa na mashine. Istilahi hiyo inapotosha. Mashine haijui jino linaishia wapi na ufizi unaanzia wapi. Hukisia, na fundi ndiye anayeamua. Kumwita mwendeshaji ni kumnyang'anya uamuzi huo kwa neno moja, na sote tunajua kwamba ngazi za mishahara hufuata majina ya kazi.

3.0 Lugha ya Nta na Moto

Ili tuelewe kilichobadilika, hatuna budi kukumbuka kilichokuwapo. Katika utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika katika maabara nyingi duniani, daktari huchukua alama ya meno kwa kutumia kitu laini kinachoganda kinywani. Alama hiyo hujazwa jasi iliyokorogwa, na jasi ikishakuwa ngumu hupatikana sanamu ya meno ya mgonjwa. Juu ya sanamu hiyo fundi hufinyanga taji kwa nta. Kisha nta hufunikwa kwa mchanganyiko unaostahimili moto, hupashwa joto hadi nta ikayeyuka na kutoka, na katika uwazi uliobaki humiminwa aloi iliyoyeyushwa. Mwisho kifaa hupigwa tupa na msasa, na pengine hupakwa kauri na kuchomwa tanurini ili kipate sura ya jino.

Njia hii ilienezwa miongoni mwa madaktari wa meno na Mmarekani William Taggart, aliyeiwasilisha New York mwaka 1907. Lakini maarifa ya nta inayopotea ni ya kale mno, na Afrika haikuwa nyuma: vichwa vya shaba vya Ife na Benin, katika nchi inayoitwa leo Nigeria, vilitengenezwa hivyo hivyo karne nyingi kabla ya Taggart.

Kiswahili kina maneno ya kazi hii. Kitenzi kusubu kina maana ya kumimina madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo, na kalibu ni chombo au nafasi inayotoa umbo hilo. Haya ni maneno ya masonara na wafua vyuma, na yamo katika kamusi zetu. Licha ya hayo, tafsiri zinazoletwa mbele yetu na wanafunzi husema kumwaga chuma kwenye moldi. Kitenzi kumwaga kina dosari ya kisemantiki, kwa kuwa kinachomwagwa hupotea, ilhali kinachosubiwa huhifadhiwa. Tatizo hapa si uchache wa maneno bali ni kwamba mtafsiri hakwenda kwa sonara kuuliza.

4.0 Kuingia kwa Kompyuta

Wazo la kuondoa nta na jasi lilianza Ufaransa. Mwaka 1973 François Duret aliandika huko Lyon tasnifu kuhusu kuchukua alama ya meno kwa mwanga badala ya kitu kinachoganda. Huko Zurich, Werner Mörmann, daktari wa meno, alishirikiana na mhandisi Marco Brandestini kuunda mtambo mdogo wa kukaa kando ya kiti cha mgonjwa, na mwaka 1985 mgonjwa wa kwanza aliwekewa kijazo cha kauri kilichotengenezwa papo hapo. Nchini Uswidi, Matts Andersson aliifikia kompyuta kwa njia nyingine. Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aloi za nikeli zilizochukua nafasi yake ziliwadhuru baadhi ya wagonjwa kwa mzio. Titani haikuwa na tatizo hilo, lakini ni madini yanayosumbua sana kuyasubu. Andersson akaamua kuyakata badala ya kuyayeyusha. Baadaye mfumo wake ukawa na utaratibu ambao ndio unaotugusa zaidi sisi wanaisimu: maabara ndogo ilipima sanamu, ikatuma vipimo kwa njia ya simu, na kiwanda cha mbali kikatengeneza kifaa na kukirudisha.

Zamani kuona, kuamua na kukata vilikuwa matendo ya mkono mmoja. Mwanagenzi alijifunza kwa kuambiwa tazama ninavyofanya, na maneno machache yalitosha kwa kuwa macho yalifanya kazi iliyobaki. Sasa anayepima kinywa anaweza kuwa Mwanza, anayesanifu akawa Nairobi, na mashine ikawa mahali pa tatu. Kinachosafiri ni faili na fomu ya agizo. Watu wasioonana mikono hutegemea maneno, na ndiyo maana istilahi ambayo zamani ilikuwa pambo imekuwa sehemu ya kifaa chenyewe.

Hatua za kazi mpya ni nne. Ya kwanza ni kuskani, ambapo mwanga hupigwa juu ya meno au juu ya sanamu, na kamera hupima namna mwanga huo unavyorudi. Utohozi huu umekwisha kukubalika, na hatuoni sababu ya kuupinga. Skuli na skrubu vilikuja na mfuatano huo huo wa konsonanti na Kiswahili hakikudhurika. Kinachopatikana kwa kuskani tunapendekeza kiitwe alama ya mwanga, ili neno alama libaki kuwa dhana kuu yenye aina mbili chini yake. Vivyo hivyo tunashauri kutenganisha sanamu na kielelezo. Sanamu iwe ile ya jasi au ya plastiki inayoshikika, na kielelezo kiwe umbo linaloonekana kwenye kioo. Neno modeli, ambalo hutumika kwa vyote viwili, lina hatari yake: daktari akiandika nirudishie modeli, fundi hatajua kama anatakiwa kupakia boksi kwenye basi au kutuma faili.

Hatua ya pili ni usanifu. Programu hupendekeza umbo la taji, nalo fundi hulirekebisha. Jambo la kwanza analolikagua ni mstari ambapo taji litakutana na jino la asili. Baadhi ya watafsiri wameuita pambizo. Pambizo ni ya karatasi. Hubaki tupu kandokando ya maandishi. Mstari huu si nafasi tupu bali ni mwisho wa kitu kimoja na mwanzo wa kingine, na neno ukingo linaubeba vizuri zaidi.

Jambo la pili ni jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Hapa unyambuaji wa Kiswahili unatupatia istilahi ambayo lugha nyingi zingeitamani. Kutokana na kuuma tunapata kuumana, kauli ya kutendana, na kutokana na hiyo nomino muumano. Kifaa cha kuigiza mwendo wa taya, ambacho zamani kilikuwa cha chuma na sasa kimo ndani ya programu, chaweza kuitwa kiumanishi. Istilahi hizi zinajieleza zenyewe kwa mzungumzaji yeyote, na zinaondoa utata wa sentensi jino linauma, ambayo kwa mgonjwa ni malalamiko na kwa fundi ingeweza kuwa sifa.

5.0 Kusaga, Kukereza au Kuchonga?

Hatua ya tatu ndiyo iliyozua mkanganyiko mkubwa kuliko zote. Kisahani cha zirkonia, cha plastiki ngumu au cha madini, chenye kipenyo cha milimita 98 hivi, hufungwa ndani ya mashine. Vikeo vidogo vinavyozunguka kwa kasi hukikata kutoka pande kadhaa hadi taji likabaki limeshikwa na vijiti vyembamba. Kiingereza kinaitaja kazi hii kwa kitenzi kile kile kinachotumika kwa kinu cha nafaka. Kwa sababu hiyo tumeona mashine hiyo ikiitwa mashine ya kusagia.

Tafsiri hii ni mfano bora wa kutafsiri neno badala ya dhana. Kusaga ni kukigeuza kitu kizima kuwa unga, na unga ndio unaotakiwa. Hapa unga ni taka, na kilicho kizima ndicho kinachotakiwa. Mwanafunzi atakayesoma kwamba zirkonia husagwa ili kupata taji ataelewa kinyume kabisa cha kinachotendeka, hasa kwa kuwa unga wa zirkonia nao upo katika mlolongo huu: kisahani chenyewe hutengenezwa kwa kugandamiza unga huo kiwandani.

Pendekezo la pili ni kukereza. Lina mvuto, kwa kuwa ni neno la kale la ufundi na linahusu kukata kwa mashine inayozunguka. Lakini katika kerezo kinachozungushwa ni kitu kinachotengenezwa, mathalani mguu wa kitanda, huku chombo cha kukatia kikishikiliwa palepale. Katika mashine ya meno chombo ndicho kizungukacho. Tofauti hiyo si ndogo. Kitu kilichokerezwa huwa na umbo la mviringo kwa kulazimika, na gego lenye mabonde na vilima haliwezi kukerezwa. Isitoshe, zipo sehemu za vifaa vya meno, kama vile skrubu za vipandikizi, ambazo hukerezwa kweli. Tukilitumia neno hilo kwa kazi zote mbili tutakosa la kutumia panapohitajika kutofautisha.

Sisi tunapendekeza kuchonga. Dhana ya msingi ya kuchonga ni kutoa umbo ndani ya kitu kigumu kwa kuondoa kisichotakiwa, kama afanyavyo mchongaji wa vinyago. Hivyo ndivyo mashine ifanyavyo. Tunatambua kwamba daktari naye husemwa kuwa anachonga jino anapolipunguza ili lipokee taji, na kwamba kuchonga meno lilikuwa pia jina la desturi ya baadhi ya jamii zetu ya kuyatia ncha meno ya mbele. Maana zote tatu zina kiini kimoja, na muktadha huzitenganisha bila shida. Tatizo la kweli liko katika kauli ya kutendea: mashine ya kuchongea. Kila Mswahili anajua kwamba kumchongea mtu ni kumsemea kwa mkubwa wake, na hatuna shaka kwamba mafundi watalifanyia neno hili mzaha. Istilahi inayotaniwa, kwa uzoefu wetu, huishi kuliko ile isiyotajwa.

6.0 Asilimia Ishirini ya Nini?

Zirkonia ikiwa tayari ni miongoni mwa kauri ngumu kabisa, na kuichonga katika hali hiyo huchosha mashine na kumaliza vikeo. Kwa hiyo huchongwa ikiwa bado laini kama chaki, kisha huchomwa katika tanuri kwa nyuzi za Selsiasi 1,350 hadi 1,550 hivi. Katika joto hilo chembe zake hushikamana bila kuyeyuka, nafasi zilizokuwa kati yake huzibwa, na kifaa kizima hupungua. Hatua hii ya nne ndiyo tunayotaka kuikalia kwa muda, kwa sababu ndani yake istilahi, hesabu na sarufi vimefungamana.

Vitenzi vilivyopo ni vingi. Kunyauka ni kwa mimea. Kusinyaa huleta makunyanzi, kama ngozi au tunda, na taji halipati makunyanzi. Kunywea husemwa kwa mtu aliyekonda au kwa nguo iliyofuliwa ikapungua, na hapo tunakaribia, kwani nguo hupungua huku ikibaki nguo ile ile. Tunaona kunywea kuwa neno bora kwa maelezo ya jumla. Kuhusu kushikamana kwa chembe bila kuyeyuka, hatukupata kitenzi cha Kiswahili kinachobeba dhana hiyo peke yake. Kuyeyusha ni kosa la kifizikia. Kuchomelea kimekwisha kuchukuliwa na mafundi vyuma. Mfinyanzi husema kuchoma vyungu, na katika mazungumzo ya karakana kuchoma kutatosha. Katika maandishi ya kitaaluma, ambapo kuchoma kauri ya kupakwa na kuchoma zirkonia ni mambo mawili, tunakubali utohozi wa kusinta.

Sasa tutazame idadi. Zirkonia hunywea kwa asilimia 20 hadi 25 hivi katika kila kipimo cha urefu, na ili taji litoke sawasawa huchongwa likiwa kubwa kuliko linavyotakiwa. Tuchukue asilimia 20 kwa urahisi wa hesabu. Swali tuliloligeuza kuwa zoezi la darasani ni hili: iwapo zirkonia hunywea kwa asilimia 20, je, fundi aongeze asilimia ngapi? Wengi hujibu 20. Jibu ni 25. Taji linalotakiwa kuwa na upana wa ndani wa milimita 8 lapaswa kuchongwa likiwa na milimita 10, kwa kuwa nne kwa tano ya 10 ni 8. Likiongezwa asilimia 20 tu litachongwa kwa milimita 9.6, na likitoka tanurini litakuwa na milimita 7.68. Taji hilo halitaingia kwenye jino lake. Ili tuone ukubwa wa kosa hilo la milimita 0.32, tukumbuke kwamba utafiti wa McLean na von Fraunhofer wa mwaka 1971 uliweka mikromita 120, yaani milimita 0.12, kuwa mpaka wa juu wa uwazi unaovumilika katika ukingo wa taji.

Katika matumizi ya kila siku fundi haachiwi hesabu hii. Mtengenezaji wa kisahani huandika juu yake kizidisho, na programu hukitumia. Lakini lazima kuna mtu anayekiingiza kizidisho hicho, na ni lazima aelewe anachokiingiza. Utata unatokana na sarufi. Tungo hunywea kwa asilimia 20 haisemi ni asilimia 20 ya nini: ya urefu au ya ujazo, ya ukubwa wa kabla ya tanuri au wa baada yake. Tofauti hizo si za kinadharia. Kitu kinachopungua asilimia 20 katika kila kipimo cha urefu hubaki na ujazo wa asilimia 51 hivi, maana 0.8 mara tatu kwa yenyewe ni 0.512. Mtu anayesoma kwamba zirkonia hupungua kwa asilimia 20, na mwingine anayesoma kwamba hupoteza karibu nusu yake, wanasoma habari moja. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba kila palipo na asilimia pawe na kihusishi chenye kikamilisho: asilimia 20 ya urefu wa kabla ya kuchomwa. Ni tungo ndefu, na uwekevu ni sifa nzuri ya istilahi, lakini usahihi utangulie.

7.0 Pande Tatu au Vipimo Vitatu?

Mashine za kuchonga hutengeneza kwa kupunguza. Zipo nyingine zinazotengeneza kwa kuongeza, tabaka juu ya tabaka, ama kwa kuigandisha resini kwa mwanga ama kwa kuunganisha unga wa aloi ya kobalti na kromi kwa leza. Magazeti yetu huziita printa za pande tatu. Neno printa halitudhuru. Pande tatu linatudhuru.

Katika hisabati ya shule ya msingi, upande ni mstari unaofunga umbo, na umbo lenye pande tatu ni pembetatu. Mchemraba una nyuso sita, nao si kitu cha pande tatu kwa hesabu yoyote. Kinachokusudiwa ni kwamba kitu kina urefu, upana na kimo, na hivyo ni vipimo, si pande. Mtu aweza kusema kwamba desturi imekwisha kushinda na kwamba wasemaji wanaelewana. Katika habari za magazeti, ndiyo. Katika maabara ya meno, la, kwa sababu ifuatayo. Faili inayotumika sana kubeba kielelezo cha jino ni ya aina ya STL, iliyobuniwa miaka ya 1980 pamoja na mashine za kwanza za kugandisha resini. Faili hiyo hulieleza jino kuwa ni wavu wa pembetatu nyingi ndogo zilizounganishwa. Mwalimu atakayesema kwamba umbo la pande tatu limeundwa kwa maumbo ya pande tatu atakuwa amesema kweli, na hakuna mwanafunzi atakayemwelewa. Istilahi ya vipimo vitatu inaondoa tatizo hilo mara moja.

Kuhusu neno kidijitali hatuna la kuongeza. Lilishindana na vibadala vyenye mzizi wa tarakimu na limeshinda, kama kompyuta ilivyoshinda nchini Tanzania ingawa tarakilishi ina nguvu Kenya. Programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kwamba menyu nzima yaweza kusemwa kwa Kiswahili. Programu za maabara ya meno huja na menyu za Kiingereza, Kijerumani na lugha nyingine za masoko makubwa, na fundi anayejifunza kwa Kiswahili hukariri mahali pa kubofya kabla ya kujua anachokibofya.

8.0 Rangi, na Maneno Juu na Chini

Tumalizie na fomu ya agizo, ambayo ndiyo matini inayoandikwa mara nyingi kuliko zote katika kazi hii. Kipengele chake kinachoharibika zaidi ni rangi. Tumekutana na tafsiri inayomtaka daktari ajaze kivuli cha jino, tafsiri iliyotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kivuli na pia ya kiwango cha rangi. Jino halina kivuli cha kujaza. Rangi ya jino inatosha, nayo huandikwa kwa kufuata vipande vya mfano, ambavyo katika mpangilio wa VITA unaotumika sana ni 16, kuanzia A1 hadi D4. Alama hizo ziachwe zilivyo. Panapohitajika maelezo, Kiswahili kina nomino zake: kundi la A lina wekundu wa kahawia, B umanjano wenye wekundu kidogo, C ukijivu, na D ukijivu wenye wekundu.

Visahani vingi vya zirkonia vya siku hizi vina tabaka za rangi: upande mmoja umekolea, kama jino lilivyo karibu na ufizi, na upande wa pili umepauka na kupitisha mwanga zaidi. Fundi hulipanga taji ndani ya kisahani kwa kompyuta kabla ya kulichonga, na akiligeuza, jino litakolea mahali panapopaswa kupauka. Hapo ndipo maagizo ya juu na chini yanapoleta hasara. Jino la taya la chini lina sehemu yake ya kuumia juu. Jino la taya la juu lina sehemu hiyo hiyo chini. Daktari anayeandika iwe nyeupe zaidi kwa juu huenda anamaanisha mwisho wa jino unaouma, au mwisho uliopo juu mgonjwa anaposimama. Tunapendekeza maneno hayo mawili yaondolewe kabisa katika fomu, na badala yake yatumike shingo kwa sehemu iliyo karibu na ufizi na ncha kwa sehemu inayokutana na jino la upande wa pili. Kwa magego, ambayo hayana ncha moja, uandikwe uso wa muumano.